Je, Waislamu Wanaiamini Injili?

Vuta kiti ukae, maana jambo nitakalolieleza si la kusomwa ukiwa umesimama mlangoni ukingoja kengele.

Kuna ubishi fulani ambao hauishi katika shule yetu. Kila muhula lazima uzuke, tena mara nyingi wakati wa chakula cha mchana. Mmoja anaanza, "Nyinyi Waislamu mnasema mnaiamini Injili. Mbona basi hamuisomi?" Mwenzake anamrukia, "Injili gani? Hiyo yenu ilibadilishwa zamani!" Hapo sauti hupanda, sahani husahaulika, kengele hulia, na kila mtu huenda zake akiamini kwamba ameshinda.

Mimi ni Mwislamu, na chuoni nilianza kwenda kabla sijaanza shule ya msingi. Hata hivyo, nasema bila kumwonea mtu haya kwamba majibu yote mawili ni mafupi mno. Swali lenyewe lina umri wa miaka zaidi ya elfu moja na mia tatu, na wanachuoni wakubwa wa Kiislamu hawakuafikiana juu yake. Tatizo letu ni kwamba kipindi cha dini kikifika, wa CRE hubaki darasani na sisi wa IRE hubeba vitabu vyetu tukatafuta chumba kingine. Kisha tunakutana tena kwenye hesabu, kila upande na nusu yake ya maneno. Nusu hizo mbili ndizo nataka kuziweka pamoja hapa.

Tuanze na lililo wazi. Nguzo za imani katika Uislamu ni sita: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kudra, heri yake na shari yake. Itazame vizuri nguzo ya tatu. Haikusema "kitabu", imesema "vitabu". Na vinavyojulikana kwa majina ni Taurati aliyopewa Nabii Musa, Zaburi aliyopewa Nabii Daudi, Injili aliyopewa Nabii Isa, na Kurani aliyopewa Mtume Muhammad (S.A.W.). Zaidi ya hivyo kuna kurasa za Nabii Ibrahimu. Kwa hivyo Mwislamu akisimama mbele ya wenzake akasema, "Mimi Injili siitambui kabisa," huyo ameibomoa nguzo ya dini yake kwa mdomo wake mwenyewe, wala hakuna adui aliyemsaidia.

Katika Kurani, Taurati imetajwa kwa jina mara 18, Injili mara 12 na Zaburi mara 3. Pahali pa kusoma kwa makini ni sura ya tano, Al-Maida, kuanzia aya ya 44 hadi ya 48. Hapo Taurati inaelezwa kuwa ina uongofu na nuru. Injili nayo inapewa sifa hizo hizo, na watu wa Injili wanaamrishwa wahukumu kwa yale yaliyoteremshwa ndani yake. Halafu inakuja Kurani, ambayo inaelezwa kwa mambo mawili: kwanza inasadikisha vitabu vilivyotangulia, pili ni "muhaimini" juu yake. Neno hili muhaimini lina maana ya mlinzi, msimamizi, mwenye kuangalia kisiharibike kitu. Hebu fikiria sasa. Msimamizi wa mtihani anakulinda ufanye kazi yako kwa amani, lakini pia anakuangalia usiibe. Waliolitilia mkazo neno "inasadikisha" walielekea upande mmoja, na waliolitilia mkazo neno "msimamizi" wakaelekea upande mwingine. Njia ziliachana papo hapo.

Hata riwaya za Mtume ziko za pande zote mbili. Abu Dawud, mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa hadithi, anapokea kwamba Mayahudi wa Madina walimwita Mtume awaamulie kesi ya zinaa. Wakamwekea mto akaukalia. Akataka Taurati iletwe. Ilipofika, aliutoa ule mto chini yake akaiweka Taurati juu yake, kisha akatamka kwamba anaiamini na anamwamini aliyeiteremsha. Mtu akiniuliza Mwislamu afanye nini akiikuta Biblia ya mwenzake imeanguka sakafuni, mimi nitamjibu kwa mto huo. Lakini iko riwaya nyingine kwamba Omar alikuja na maandishi aliyoyapata kwa watu wa Kitabu akaanza kuyasoma, na Mtume akakasirika, akamwambia kwamba hata Musa mwenyewe angekuwa hai angelazimika kumfuata yeye. Kwa hivyo heshima ipo na tahadhari ipo. Anayekusimulia riwaya moja akaificha ya pili hakukutendea haki.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe, ambalo nadhani likifunguliwa nusu ya ubishi wetu itakwisha. Fundo ni hili: Mkristo akisema "Injili" na Mwislamu akisema "Injili", hawasemi kitu kimoja.

Asili ya neno ni Kiyunani, "euangelion", yaani habari njema, nalo liliingia katika Kiarabu likawa "Injil". Kwa Mkristo, Injili ni habari njema inayomhusu Yesu: kuzaliwa kwake, mafundisho yake, kusulubiwa na kufufuka kwake. Habari hiyo imeandikwa katika vitabu vinne vyenye majina ya Mathayo, Marko, Luka na Yohana, vilivyoandikwa baada ya Yesu kuondoka duniani. Mkristo hadai kwamba Yesu alikuja na kitabu mkononi. Kwake yeye Yesu mwenyewe ndiye ujumbe.

Kwa Mwislamu mambo ni tofauti kabisa. Injili ni wahyi ambao Mwenyezi Mungu alimpa Isa, kama alivyompa Musa Taurati na Muhammad Kurani. Isa ndiye mpokeaji. Basi Mwislamu akiifungua Luka, anakuta mwandishi anaanza kwa kueleza kwamba wengi wameandika habari hizi, kwamba zimetoka kwa walioshuhudia, na kwamba yeye amechunguza yote tangu mwanzo ili amwandikie Theofilo kwa taratibu. Mwislamu akisoma maneno ya namna hiyo, moja kwa moja anakumbuka vitabu vya sira na hadithi, vile vinavyosimulia maisha ya Mtume kwa kutaja walioona na waliosikia. Hakumbuki Kurani. Na hilo si tusi hata kidogo! Hadithi kwetu ni kitu kikubwa, lakini haziwekwi daraja moja na Kurani.

Hapo Mkristo ana haki ya kuuliza, "Sawa, basi iko wapi hiyo Injili aliyopewa Isa?" Ni swali zuri, tena linahitaji jibu la kweli. Hakuna nakala yoyote iliyopatikana ya kitabu cha namna hiyo. Wako Waislamu wanaosema kilipotea. Wako wanaosema kwamba maneno yake yamo ndani ya vile vitabu vinne, hasa pale Isa mwenyewe anaposema, yakiwa yamechanganyika na masimulizi ya waandishi. Mkristo naye atajibu kwamba kitabu hicho hakikupotea kwa sababu hakikuwapo. Tukifika hapo tumefika kwenye imani, na kila mmoja atasimama alipo. Angalau sasa kila mmoja anajua mwenzake anazungumza juu ya nini.

Kiswahili chetu nacho kimechangia kulificha fundo hili, maana kimelipa neno moja kazi mbili. Ni historia tamu, nanyi wana-Kiswahili mtaniruhusu niingie kando kidogo. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamishenari wa Uingereza, alifika Mombasa. Mwezi wa Juni mwaka huo huo akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Aliyemsaidia ni nani? Ni kadhi wa Kiislamu, mtu wa asili ya Barawa! Sura tatu za mwanzo za kazi hiyo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847. Baadaye Askofu Edward Steere na wenzake wa Unguja waliendeleza kazi hiyo kwa lahaja ya kwao, na mwaka 1952 ikatoka Biblia ya Muungano ambayo wengi wenu mnaibeba mpaka leo. Ifungue uone maneno yaliyomo: nabii, malaika, shetani, imani, dhambi, sala, Torati, Zaburi, Injili. Yote hayo asili yake ni Kiarabu, na Waswahili walikuwa wakiyatumia misikitini na vyuoni kabla ya mmishenari wa kwanza kushuka kutoka jahazini.

Na mambo yalikwenda upande wa pili pia. Tafsiri nzima ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili iliyopigwa chapa, ile ya mwaka 1923, ilifanywa na Mkristo, kasisi Godfrey Dale wa misheni ya Unguja. Waislamu hawakuipokea kwa furaha, kwa sababu aliitia maelezo ya kuupinga Uislamu. Mwaka 1953 ikatoka ya Waahmadiya, na mwaka 1969 ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, ambaye alipata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hiyo ya Farsy ndiyo utakayoikuta katika nyumba nyingi za Waislamu. Basi kadhi alikisaidia kitabu cha Mwanzo, na kasisi akatafsiri Kurani. Sisi tunaogombana kwenye foleni ya githeri tumerithi maneno kutoka kwa watu waliokaa meza moja.

Turudi kwenye neno zito: "ilibadilishwa". Kwa Kiarabu jambo hili linaitwa tahrifu. Kurani inawalaumu baadhi ya watu wa Kitabu, katika aya kadhaa, kwamba waliyaondoa maneno mahali pake, na katika sura ya pili, aya ya 79, inawakemea wanaoandika kitabu kwa mikono yao kisha wakadai kimetoka kwa Mungu. Swali lililowasumbua wanachuoni ni hili: kilichoharibiwa ni maana au ni maandishi?

Nitoe mfano wa hapa hapa shuleni. Mwalimu mkuu ameandika tangazo akalibandika ubaoni kwamba wanafunzi wote wafike saa moja na nusu asubuhi. Kiranja wa kwanza analisoma mbele ya darasa kwa namna yake, "Amesema wa kidato cha kwanza ndio wafike mapema." Tangazo liko pale pale halijaguswa, ila maana imepindwa. Kiranja wa pili anachukua kalamu usiku, anafuta "saa moja na nusu" na kuandika "saa mbili". Huyu ameharibu maandishi yenyewe. Wa kwanza amefanya tahrifu ya maana. Wa pili amefanya tahrifu ya matamko. Kosa la wa kwanza linatibika kwa kwenda ubaoni kusoma. La wa pili halitibiki isipokuwa upate nakala nyingine.

Wanachuoni waligawanyika hapo, na la kuchekesha ni kwamba pande zote mbili zinamtegemea mtu mmoja, Ibn Abbas, binamu yake Mtume. Katika Sahihi ya Bukhari kuna kauli yake kwamba watu wa Kitabu walibadilisha na kuandika kwa mikono yao. Humo humo pia mna maelezo, ambayo wengi wameyahusisha naye, kwamba hakuna awezaye kuliondoa neno la kitabu cha Mwenyezi Mungu, ila watu hukifasiri vingine. Kila mmoja huchota anachotaka!

Aliyeshika zaidi upande wa maandishi ni Ibn Hazm wa Cordoba, Hispania (994–1064). Huyu alikuwa na ulimi mkali, lakini alifanya kazi. Aliisoma Biblia ukurasa kwa ukurasa akitafuta mahali panapogongana. Aliuliza, kwa mfano, ikiwa Musa ndiye aliyeiandika Taurati yote, ni nani aliyeandika mwisho wa Kumbukumbu la Torati, ambapo kifo cha Musa na kuzikwa kwake vinasimuliwa? Aliweka pia orodha ya mababu wa Yesu iliyoko Mathayo kando ya ile iliyoko Luka akaonyesha zinavyotofautiana. Maswali hayo unayoyasikia leo uwanjani kwenye mihadhara, ujue yana umri wa miaka elfu moja hivi.

Upande wa pili nao haukukosa watu wa uzito. Fakhruddin Razi (aliyefariki 1210) alitaja ugumu uliopo: kitabu kilichoenea mashariki na magharibi, mikononi mwa watu wengi namna ile, kingebadilishwaje kila nakala bila mtu kujua? Ibn Khaldun (1332–1406), yule mwanahistoria wa Tunis tunayemsikia kwenye somo la historia, ana maneno kama hayo katika baadhi ya nakala za utangulizi wake maarufu: kwamba si desturi ya watu wa dini kukifanyia hivyo kitabu chao, na kwamba kubadilisha kunakokusudiwa ni kwa tafsiri. Ibn Taymiyya (1263–1328), ambaye hakuna atakayemshuku kwa ulegevu, alishika njia ya katikati: kwamba yapo maneno yaliyobadilika, lakini sehemu kubwa imebaki, na uharibifu mwingi uko katika kufasiri.

Ninayempenda mimi kuliko wote ni Al-Biqai, mwanachuoni aliyeishi Cairo na kufariki mwaka 1480. Alipokuwa akiandika tafsiri yake ya Kurani, alikuwa akifika kwenye kisa cha Adamu au cha Musa au cha Isa, anafungua Taurati na Injili kwa Kiarabu na kunakili kurasa nzima ili msomaji aone kisa kamili. Wenzake walikuja juu. Mmoja wao, As-Sakhawi, aliandika kitabu kizima kueleza kwamba kunakili kutoka Taurati na Injili ni haramu. Al-Biqai hakunyamaza, naye akaandika kitabu kujitetea. Si jambo la kuchunga? Cairo, zaidi ya miaka mia tano iliyopita, wanachuoni wa Kiislamu wanagombana wao kwa wao kuhusu kusoma Biblia, na huyu mmoja anasema, tena kwa hoja za kidini, kwamba inafaa.

Ubishi ulichukua sura nyingine India mwaka 1854. Katika mji wa Agra, Rahmatullah Kairanawi alikabiliana mbele ya watu na mmishenari Mjerumani, Karl Pfander. Pfander alikuja na hoja za kawaida. Kairanawi alimshangaza kwa sababu alikuwa amejipatia vitabu vya wataalamu wa Ulaya wenyewe, waliokuwa wamechunguza hati za kale na kukiri kwamba nakala zinatofautiana. Baadaye alikimbilia Makka, akaandika kitabu Izhar al-Haqq kilichotoka mwaka 1864. Miaka mingi baada ya hapo, kijana mmoja mfanyakazi wa duka huko Natal, Afrika Kusini, alikipata kitabu hicho. Jina lake Ahmed Deedat (1918–2005). Kanda zake zilienea Afrika Mashariki yote, na mihadhara ya miaka ya 1980, ya wahubiri wanaosimama uwanjani na Biblia mkononi wakitaja sura na aya kwa kichwa, ilifuata nyayo hizo. Upande wa pili wa mji kulikuwa na krusedi. Vipaza sauti vilishindana, na Ibn Khaldun na Al-Biqai wakasahaulika kabisa. Kilichobaki ni jibu moja tu, "ilibadilishwa", kana kwamba hakuna Mwislamu aliyewahi kusema vingine.

Na hapa nitawachokoza kidogo ndugu zangu Waislamu. Wengi wetu tunapenda kutaja Kumbukumbu la Torati 18:18 na Yohana 14:16 kuwa zinamtabiri Mtume Muhammad, kwa sababu Kurani (7:157) inasema ametajwa katika Taurati na Injili. Vyema. Lakini huwezi kumwita shahidi mwongo asubuhi, kisha jioni ukampeleka kortini akutolee ushahidi. Anayesema hakuna neno hata moja lililobaki hana haki ya kuzitumia aya hizo. Vilevile tuache kubebeana ile "Injili ya Barnaba". Hati yake ya Kiitaliano iliyoko Vienna ni ya karne ya 16 hivi, na kitabu chenyewe kinamfanya Muhammad kuwa ndiye Masihi, wakati Kurani inamwita Isa Masihi waziwazi. Kitabu kinachopingana na Kurani kitamsaidiaje Mwislamu?

Ndugu zangu Wakristo nao wana hoja moja nzito ambayo hatuwezi kuikwepa. Ziko hati mbili za Biblia za karne ya nne, zinazoitwa Codex Vaticanus na Codex Sinaiticus, yaani ziliandikwa takriban miaka mia mbili kabla ya Mtume kuzaliwa. Ukizilinganisha na Biblia ya leo, vile vitabu vinne ni vile vile. Kwa hivyo Biblia iliyokuwa mikononi mwa Wakristo wakati Kurani inateremka, kati ya 610 na 632, haikuwa tofauti sana na hii. Mwenye kushika upande wa tahrifu ya maana haimsumbui hoja hiyo. Mwenye kushika upande wa maandishi analazimika kusema kwamba mabadiliko yalitokea mapema zaidi, na atakuonyesha kwamba hati hizo mbili hazina Marko 16:9–20, aya kumi na mbili ambazo Biblia nyingi zinazichapisha. Wataalamu wa Kikristo hawalifichi jambo hilo. Biblia kadhaa zimeliandika chini ya ukurasa. Mkristo naye atasema kwamba aya kumi na mbili hazifanyi Injili nyingine. Mnaona? Hapo watu wanazungumza, hawarushiani mawe.

Je, basi Mwislamu akiifungua Biblia aisome vipi? Kuna hadithi ya Abu Huraira katika Bukhari. Mayahudi walikuwa wakiisoma Taurati kwa Kiebrania na kuwaeleza Waislamu kwa Kiarabu. Mtume akawaagiza Waislamu wasiwasadiki wala wasiwakadhibishe, bali waseme wanaamini yaliyoteremshwa kwao na yaliyoteremshwa kwa wenzao. Ibn Kathir (aliyefariki 1373), mwanafunzi wa Ibn Taymiyya, alizigawa habari hizo mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni yale yanayoafikiana na Kurani. Hayo ni kweli bila wasiwasi. Soma Luka sura ya kwanza, malaika anavyomjia Mariamu bikira na habari za mtoto, na sura ya Zakaria aliyepata mwana uzeeni. Kisha soma Sura Maryam. Utadhani ni jirani wawili wanaosimulia arusi moja.

Fungu la pili ni yale yanayopingana nayo, na hapa haifai tudanganyane kwa ajili ya urafiki. Kurani (4:157) inakana kwamba Isa aliuawa au alisulubiwa. Inakana kwamba ni mwana wa Mungu, na inakana Utatu. Kwa Mkristo, hayo ndiyo moyo wa Injili. Ukiyatoa haibaki Injili. Kwa Mwislamu, hayo ndiyo anayoyakataa. Hakuna tafsiri wala mwalimu atakayelifuta pengo hilo.

Fungu la tatu ni yale ambayo Kurani imeyanyamazia, na ni mengi ajabu. Kisa cha mwana mpotevu katika Luka 15 hakimo katika Kurani. Mwislamu anaruhusiwa kukisoma na kukisimulia. Hatakiapia kuwa ni wahyi, wala hatasema ni uongo. Chukua pia safina ya Nuhu. Mwanzo 6:15 inatoa vipimo vyake: dhiraa 300 urefu, 50 upana, 30 kwenda juu. Kurani inaisimulia safina na gharika yake, lakini vipimo haikutoa. Baadhi ya wafasiri wa kale walipotaka kuwaeleza watu ukubwa wake, walitaja dhiraa 300 kwa 50, vile vile kama ilivyo katika Mwanzo.